Kigae Begani mwa Hachiya

Maiti ya Goro Hachiya ilikuwa imelazwa kifudifudi, na Mkaguzi Nezu aliutazama mgongo wake kwa uso wa mama aliyefungua mlango wa choo cha stesheni. Kwa miaka mingi marehemu alikuwa amelipwa ili apigwe taa za tyubu mgongoni mbele ya watu waliokata tiketi, na mgongo ulikuwa haujasahau hata pigo moja. Hapakuwa na mahali pa kuweka kidole. Kovu lilipanda juu ya kovu, na juu ya makovu hayo vilimetameta vigae vya kioo vya Jumapili, vyembamba, vimepakwa ule unga mweupe wa ndani ya taa.

"Hujavitoa bado?" Nezu aliuliza.

"Kwani vina haraka ya kwenda wapi?" Dakta Mizoguchi alijibu bila kuinua macho. Alikuwa amepasua maiti nusu ya umri wake na hakuna tena kitu kilichomshangaza, ila leo alionekana ameshangaa kidogo. "Nilianza na shingo. Shingo ndiyo iliyomuua."

Habari za shingo Nezu alikuwa nazo kichwani. Jumapili mchana, katika ukumbi mdogo wa Asahimachi huko Kawasaki, Hachiya alipigana pambano lake la kuagia mieleka ya kifo, ile ya kupigana kwa vioo na seng'enge. Mpinzani wake alikuwa kijana aitwaye Tatsuru Yabe. Walivunjiana tyubu mpaka ulingo ukawa mweupe kama umemwagiwa chumvi. Kisha Hachiya akashuka kwa miguu yake mwenyewe, akaingia chumba cha kubadilishia nguo, akafunga mlango. Waliokwenda kumwita akapige picha na mashabiki walimkuta amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, shingo iko wazi.

Kituo kizima kilikuwa kimeshaamua. Yabe alimpiga shingoni, mahali walipokubaliana pasiguswe. Kigae kikazama na kuuziba mshipa. Marehemu akakichomoa mwenyewe chumbani, damu ikamwisha. Mkanda wa video ulilionyesha pigo hilo. Yabe alikiri kila alichoulizwa na mengine ambayo hakuulizwa. Mwendesha mashtaka alitaka jalada lifike mezani kwake jioni hiyohiyo, na likishafika, kijana mwenye mke na mtoto wa kunyonya angeshtakiwa kwa kuua.

Nezu hakuwa na neno na Yabe kwenda jela. Kwa maoni yake ukumbi mzima ungefaa kupelekwa, pamoja na muuza bia. Lakini jalada lingekuwa na sahihi yake, na kulikuwa na jambo lililomkwaza. Kama Hachiya alikichomoa kigae shingoni, kingekuwa mkononi mwake au sakafuni. Chumba kilikaguliwa kila pembe, na hakikuwemo.

"Nimekuita kwa sababu unakitafuta kigae kimoja," Dakta Mizoguchi alisema. "Nami nimegundua kuna kingine kisichokuwepo."

Alielekeza taa kwenye bega la kushoto. Palikuwa na kovu nene, la zamani, limepasuliwa katikati.

"Tazama kingo zake. Hazikuvimba, hazikutoa damu. Hapa pamepasuliwa moyo ukiwa umeshasimama. Na humu ndani kuna kijumba. Mwili ukishindwa kutoa kitu kigeni hukijengea ukuta. Hiki kilikuwa kidogo kuliko ukucha wa kidole chako cha mwisho, na kilikaa humu miaka. Sasa kimechukuliwa."

"Kwa hiyo kulikuwa na mtu mle chumbani."

"Mtu ambaye hakufundishwa kushika kisu. Amekosea mara kadhaa kabla ya kupata."

"Akaviacha hivi vya juu, ambavyo angevipangusa kwa kiganja, akachimba kile cha chini." Nezu alivua glavu. "Na shingo?"

"Kuna mkwaruzo wa tyubu, halafu kuna jeraha. Vimepandana, ndiyo maana tuliviona kama kitu kimoja. Lakini kioo cha tyubu ni chembamba kama ganda la yai, na jeraha limekwenda chini sana. Nipe mpaka jioni nikuambie kwa uhakika."

"Mpaka jioni huyo kijana atakuwa ameshashtakiwa."

"Basi nitajitahidi kabla ya jioni," daktari alisema, akarudi kwenye kazi yake.

Yabe alikuwa amekaa wima katika chumba cha mahojiano, magoti pamoja, mikono mapajani, bandeji imezunguka kichwa chote. Angekuwa na tai ungesema amekuja kuomba kazi benki. Nezu alipoingia alisimama, akainama mpaka bandeji ikakaribia meza.

"Afande, mimi ndiye niliyemuua kaka Hachiya."

"Nimesikia. Umelisema mpaka walinzi wamechoka. Kaa." Nezu alivuta kiti. "Mkeo yuko hapo nje na mtoto tangu asubuhi."

"Mwambieni arudi nyumbani. Mtoto atashikwa na mafua."

"Hutaki kumwona?"

"Nitamwambia nini, afande? Nimeua mtu mkubwa." Alilitamka neno hilo la mwisho polepole, na Nezu hakupenda alivyolitamka.

"Kwenye bega la kushoto la Hachiya kulikuwa na nini?"

Kijana alibadilika uso. "Kwa nini unauliza?"

"Kimetolewa."

Yabe aliruka kutoka kitini kwa ghafla hata mlinzi mlangoni akapeleka mkono kiunoni. "Nani kakitoa? Si mimi! Haki ya Mungu, afande, kuua nimeua, sawa, lakini hilo sikulifanya!"

Nezu alimtazama kwa muda. Katika kazi yake alikuwa amekutana na wezi waliokataa kuitwa waongo na malaya waliokataa kuitwa wachafu, lakini huyu alikuwa wa kwanza kuukubali uuaji na kuukataa upasuaji.

"Kuua sawa, kutoa kigae hapana. Nieleze, maana mimi ni mtu wa kawaida, sina akili kama zenu."

"Kigae ukikiweka wewe, unakitoa wewe," Yabe alisema, akakaa tena taratibu. "Pambano likiisha mnakaa pamoja. Huyu anamtoa huyu, kwa kibanio, kimoja kimoja, halafu mnashukuriana. Vya mtu mwingine huvigusi. Hata mwenyewe havigusi vilivyo mwilini mwake. Ni kama... ni utovu wa adabu, afande."

"Adabu," Nezu alirudia. "Mtu umempiga kichwani na ubao wenye misumari."

"Wenye seng'enge, afande. Misumari ilikuwa ya pambano la kwanza."

"Nisamehe. Na vyako vya Jumapili, mbona hukumtoa?"

"Nilikimbizwa kushonwa kichwa. Nilimwambia anisubiri, akasema atanisubiri." Yabe aliinamia meza. "Vipo bado?"

"Vipo vyote."

Kijana alifumba macho akashusha pumzi, kama mtu aliyeletewa habari njema kutoka kwao. Nezu alitamani kumtikisa. Badala yake alilipima lile alilolisikia. Hata mwenyewe havigusi. Hachiya, aliyeishi na kigae begani kwa miaka, alimwahidi mpinzani wake atamsubiri. Mtu huyo asingekaa chumbani akajichomoa kigae cha shingoni. Nadharia ya kituo kizima ilikuwa imebomolewa na adabu za wendawazimu.

"Cha begani alikiweka nani?"

Yabe aliirudisha mikono mapajani.

"Yabe, unakwenda jela. Unaelewa? Mwanao atakujua kwa picha."

"Cha begani si changu, afande. Si adabu mimi kukisemea. Nitafungwa kwa vyangu."

"Kichwa maji," Nezu alisema, akatoka.

Ujiani Sajini Oba alikuwa anakunywa kahawa ya kopo. Alikuwa mtu mnene, amebakiza muda mfupi kustaafu, na tangu kesi hii ianze amekuwa mkimya isivyo kawaida yake.

"Sajini, wewe unajua chochote kuhusu hawa watu?"

"Mimi? Mimi nitajulia wapi, mkuu?" Oba alikitazama kikopo chake. "Husikia tu watu wakiongea. Ila refa alisema alimwona yule daktari wa meno kule nyuma, karibu na chumba cha marehemu. Yule wa mitungi."

"Mitungi gani?"

"Huokota vigae vyenye damu. Anavihifadhi."

Nezu alivaa koti, akamwashiria Oba amfuate. Mtu anayeokota vigae, na kigae kilichookotwa mwilini. Ilikuwa rahisi mno, lakini hata mambo rahisi mno huwa kweli mara mojamoja.

Dakta Isomura alikuwa na kliniki safi yenye kapeti la kijani na muziki wa vinanda. Aliwapokea kwenye ofisi yake ndogo, akawavulisha viatu, akawapa ndara zenye picha ya jino linalocheka. Alikuwa na mikono myeupe, laini, na alipoulizwa kuhusu mitungi hakuona haya hata kidogo. Alifungua kabati kwa fahari ya bibi anayeonyesha picha za wajukuu. Ilikuwa mitungi ya jemu, imesafishwa, kila mmoja una karatasi yenye tarehe na majina mawili. Ndani mlikuwa na vioo vyenye madoa ya kahawia.

"Wagonjwa wako wanajua?" Nezu aliuliza.

"Wengine huomba kuviona."

"Naamini. Huu wa Jumapili ndio upi?"

Isomura alimpa. Nezu aliugeuza kwenye mwanga. "Hakuna kipande kidogo, mviringo, cha zamani?"

"Cha zamani kivipi?"

"Cha begani mwa Hachiya. Mtu amempasua bega akiwa maiti, akakichukua. Wewe ulionekana nje ya chumba chake. Una vifaa, una mikono, na una kabati lenye nafasi."

Daktari wa meno alipauka, kisha akawa mwekundu mpaka masikioni. "Unanitusi ndani ya kliniki yangu, mama. Mimi naokota vya sakafuni! Vilivyoanguka! Kile cha begani..." Alishindwa kumalizia. "Kimetolewa? Kweli? Sajini Oba, kweli?"

Oba aliinamisha kichwa. Nezu aliliona hilo, akaliweka pembeni kwa muda.

"Kile kiliwekwa na nani?"

"Na Kuramochi! Kila mtu anajua. Lilikuwa pambano lao la mwisho, Kuramochi alimbeba akamwangusha juu ya kitanda cha tyubu, yeye mwenyewe akatua vibaya, goti likavunjika. Hakupanda tena ulingoni. Akiwa hospitali hakuweza kuja kumtoa vigae mwenzake. Vingine vilianguka vyenyewe, hicho kimoja Hachiya akasema kitabaki mpaka Kuramochi aje akitoe mwenyewe. Hakuja. Kwa hiyo alikibeba." Isomura alipangusa macho kwa kitambaa cha kufutia vioo vya mdomoni. "Kila mara akishinda alilipiga bega lake, na sisi tuliita jina la Kuramochi. Ukumbi mzima."

"Na Jumapili mliita nini?"

"Jumapili alichukua kipaza sauti akatuaga. Akasema mkewe amechoka kufua shuka zenye damu. Alhamisi anakwenda hospitali, atachomwa ganzi, vitatolewa vyote, ataoga kwenye bafu za umma kama watu wengine. Sote tulilia."

"Vyote? Na cha begani?"

"Alisema vyote," Isomura alijibu, na kwa mara ya kwanza alionekana kulifikiria.

"Ulipokuwa kule nyuma ulimwona nani?"

"Hakuna mtu. Nilitaka sahihi yake, mlango ulikuwa umefungwa, nikaondoka. Mfagiaji tu alikuwa anapita na ndoo."

"Mfagiaji ana jina?"

Isomura alimshangaa, kama ameulizwa jina la baba yake. "Si ndiye huyo Kuramochi. Goti lilipokwisha, kampuni ya mieleka ilimpa ufagio."

Ndani ya gari Nezu hakusema kitu mpaka walipovuka reli.

"Hujui kitu, eti."

"Mkuu, naenda mara mojamoja," Oba alisema. "Kupunguza mawazo."

"Askari wa serikali. Na tumbo hilo."

"Huwa nakaa nyuma."

"Afadhali," Nezu alisema. "Ungekaa mbele, wa nyuma wangenyimwa haki yao."

Stoo ya kampuni ilikuwa chini ya daraja la treni, kando ya mfereji unaonuka viwanda. Maboksi ya tyubu yalifika darini. Zilikuwa zimeng'olewa kwenye mashule na maofisi yaliyobadilisha taa. Viwanda vinaacha kuzitengeneza, na hawa watu walikuwa wanazihodhi kama wengine wanavyohodhi mchele. Kila treni ilipopita juu, tyubu zote zililia kidogo ndani ya maboksi yake.

Kuramochi alikuwa amekaa juu ya kreti, mguu mmoja umenyooshwa, anazungushia utepe ncha za chuma za tyubu ili asiyetakiwa kuumia asiumie. Alikuwa ametimiza miaka sitini au amekaribia. Aliinuka kwa shida akawainamia.

"Karibuni, karibuni ndani. Sajini Oba! Mbona Jumapili sikukuona?"

Oba aliangalia dari.

"Nipo kazini, mzee Kura," alisema.

"Kaeni. Nina chai ya shayiri, ya baridi."

Aliibana chupa ya chai katikati ya magoti, akafungua kifuniko kwa mkono wa kulia, akamimina kwa mkono huohuo. Kisha akavileta vikombe kimojakimoja, akipiga safari mbili kwa goti lile bovu. Mkono wa kushoto ulibaki umegandama ubavuni. Nezu alipokea kikombe, hakukinywa.

"Jumapili ulifagia ulingo?"

"Kila onyesho nafagia."

"Vigae ulivipeleka wapi?"

"Kwenye ndoo. Ndoo nikaimwaga kwenye pipa la nyuma. Gari la taka za vioo limeshapita, mama."

"Kutoka ulingoni kwenda kwenye pipa unapita chumba cha Hachiya."

"Ujia ni huohuo mmoja."

"Uliingia?"

"Sikuingia. Alikuwa anapumzika."

"Ulijuaje kama anapumzika?"

Kuramochi aliupeleka mkono kwenye utepe, akaurudisha. "Baada ya pambano kila mtu hupumzika."

"Mkono wako wa kushoto una nini?"

"Uzee, mama."

"Nimeangalia mkanda wa Jumapili tangu mlango unafunguliwa mpaka mnazima taa. Ulifagia kwa mikono miwili, na ukapanga viti kwa mikono miwili. Huo uzee umeingia jioni yake?"

Treni ilipita. Tyubu zililia. Kuramochi alisubiri ziishe, akasema, "Siku hizi unaingia wakati wowote."

"Basi nikuambie nilichonacho. Kigae kilichomkata Hachiya hakikuonekana chumbani. Tulitafuta kama vichaa, maana kigae chenye damu si kitu cha kuficha kirahisi. Ila kuna mtu mmoja alipita pale na ndoo nzima ya vigae vyenye damu, na hakuna aliyemuuliza. Halafu kuna bega. Aliyelipasua hakugusa hata kigae kimoja cha Yabe. Mwizi angechukua vya juu. Mwenda wazimu angechukua vyovyote. Huyu alikuwa na adabu, alichukua cha kwake tu." Nezu aliweka kikombe chini. "Vua shati."

"Mama..."

"Vua tu, mzee Kura," Oba alisema kwa sauti ya chini.

Ilimchukua muda kufungua vifungo. Kifua na mabega yake vilikuwa kama vya marehemu, shamba lililolimwa na mlevi. Katika bega la kushoto, mahali palepale, palikuwa na jeraha jipya limezibwa kwa supaglu, jekundu, limevimba, linang'aa.

Nezu alisogea karibu, akalielekezea kidole bila kuligusa.

"Umekiweka humo."

"Hakikuwa na pengine pa kwenda."

"Kwenye taka. Kigae huenda kwenye taka, Bwana Kuramochi. Siku yake hata imepita."

"Ndiko alikotaka kukipeleka," mzee alisema, na hapo sauti yake ikapata nguvu. "Kwenye ndoo ya hospitali, pamoja na pamba chafu. Kwa daktari asiyemjua, na ganzi. Nilisikia kwa kipaza sauti, pamoja na walevi wote, nikiwa nimeshika ufagio. Hakuniambia kwanza. Kwa hiyo nikamfuata chumbani. Nikamwambia, Goro, hicho ni changu, nitakitoa mimi, sasa hivi. Unajua alisemaje?"

"Sijui."

"Alicheka. Wala si kwa ubaya. Akasema, 'Mikono yako inatetemeka siku hizi, Kura. Utanikata mshipa.'" Kuramochi aliutazama mkono wake wa kulia. "Angenitukana ningevumilia. Ndoo nilikuwa nayo. Juu kabisa kulikuwa na kipande cha kioo cha dirisha, cha pambano la katikati."

"Ukamkata mshipa."

"Nikamkata mshipa."

Oba alivuta kamasi. Nezu alimwambia, bila kugeuka, ajipanguse pua asije akachafua ushahidi. Kisha akamweleza Kuramochi yatakayofuata: atapelekwa kwa daktari, bega litafunguliwa, kigae kitapimwa na kulinganishwa na kijumba kilichomo begani mwa marehemu.

"Daktari hapana," Kuramochi alisema. "Niliyekiweka ni mimi. Kibanio kiko pale rafuni."

Sheria ilitaka daktari. Lakini sheria pia ilitaka ushahidi upatikane kabla haujaharibika, mwendesha mashtaka alikuwa anasubiri jalada, na bega lile lilikuwa limeshaanza kuoza. Na zaidi ya hayo, Nezu alitaka kumwona. Alitaka kuona kitu ambacho kwa ajili yake mtu ameuawa na mwingine anakaribia kufungwa.

"Haya," alisema. "Watazamaji wawili, kiingilio bure. Sajini, washa kamera. Na leo utakaa mbele."

Kuramochi alibandua supaglu kwa kucha. Usaha ulitoka kwanza, kisha damu. Hakuguna. Alikiingiza kibanio kwenye jeraha na mkono ukaanza kutetemeka, kwanza vidole, halafu hadi kiwiko. Kibanio kilitoka kitupu. Aliingiza tena, kikateleza, kikamchana juu ya jeraha. Jasho lilimtiririka. Mara ya tatu alikishika kwa mikono yote miwili, ule wa kushoto ukiwa haufiki vizuri, na ikawa vilevile. Hachiya alikuwa amemwambia kweli, tena kwa upole.

Hatimaye kilitoka. Nezu alikipokea kwenye mfuko wa plastiki. Kilikuwa kidogo, kimechakaa kingo, cha rangi ya maziwa yaliyochacha. Mtoto angekiokota barabarani angekitupa.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho."

"Yabe ana mtoto wa kunyonya. Ungemwacha afungwe kwa ajili ya hiki?"

Kuramochi alimtazama kwa mshangao wa kweli, bega linachuruzika damu. "Yabe amefurahi, mama."

"Amefurahi?"

"Kijana mdogo vile, pigo lake ndilo la mwisho kwa Hachiya. Watamtaja mpaka atakapokufa. Mimi ndiye niliyempa, na sitamdai shukrani. Ningepewa mimi nikiwa na umri wake, ningepiga magoti."

"Inuka," Nezu alisema. "Mfunge pingu, sajini, nisije nikamsikia tena."

Dakta Mizoguchi alipiga simu wakati jalada linaandikwa upya: jeraha lilikuwa la kioo kinene, cha dirisha, na tyubu ilipita juu ya ngozi tu. Kigae kutoka stoo kilienea kwenye kile kijumba bila kulazimishwa. Mwendesha mashtaka alinung'unika kuhusu karatasi alizokwisha kuandaa, akasaini.

Nezu alishuka mwenyewe kumfungulia Yabe. Mkewe alikuwa ameruhusiwa kuingia hadi kwenye kaunta. Alikuwa msichana mwembamba mwenye kofia ya kazi ya kiwanda cha mikate, mtoto yuko mgongoni, macho yamemvimba. Yabe aliletwa. Aliinama kwa walinzi, akainama kwa Nezu, akasimama wima kupokea kilicho chake.

"Hukumuua," Nezu alimwambia. "Aliyemuua tumemkamata, amekiri. Daktari amehakikisha. Pigo lako halikufika popote. Ulimkwaruza tu."

Mke alipiga ukelele. Alimrukia mumewe, akamkumbatia shingoni, akicheka na kulia kwa pamoja, na mtoto mgongoni akashtuka akaanza kulia naye. Mlinzi mmoja alipiga makofi.

Mikono ya Yabe ilining'inia palepale. Juu ya kofia ya mkewe alikuwa anamtazama mkaguzi, na uso wake ulikuwa umeporomoka.

"Nilimkwaruza tu?" aliuliza.

"Ulimkwaruza tu."

Mkewe alikuwa anamvuta mkono, anamwambia waende nyumbani, mtoto hajanyonya. Yabe hakusogea. Aliendelea kumtazama Nezu machoni, akisubiri aambiwe kwamba wamekosea.